Barafu katika sayari ya Mirihi: Huonekanaje kutoka mbali?

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KATIKA ufuko wa Gando, Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, barafu ni bidhaa ya kununuliwa. Hugandishwa kwa umeme, ambao tangu mwaka 2010 hufika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kisha hupakiwa katika makasha na kuwahishwa chomboni kabla jua halijapanda. Mvuvi anayekwenda dago bila ya barafu hujua hatari ya kurudi na samaki walioharibika.

Gando iko takriban nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwa mtu aliyezaliwa katika ukanda huo, maelezo kwamba barafu inaweza kutanda yenyewe juu ya ardhi ya ikweta, bila ya mashine wala umeme, yana harufu ya hadithi za kale.

Hata hivyo, hayo ndiyo yaliyotangazwa Juni 2024 kuhusu sayari ya Mirihi, ambayo katika lugha za Ulaya huitwa Mars. Watafiti waliokuwa wakipitia zaidi ya picha 30,000 zilizopigwa na vyombo vinavyoizunguka sayari hiyo walibaini sakitu, yaani utando mwembamba wa barafu unaoganda alfajiri, juu ya vilele vya milima mikubwa iliyo karibu na ikweta yake.

Milima hiyo ni Olympus, Arsia na Ascraeus, pamoja na ulio mdogo zaidi, Ceraunius Tholus. Arsia uko takriban nyuzi 9 kusini ya ikweta ya Mirihi, yaani si mbali sana na mahali ambapo Gando ipo katika ramani ya Dunia. Olympus, wenye kimo cha takriban kilomita 22, ni karibu mara nne ya Kilimanjaro.

Kwa mujibu wa watafiti hao, walioongozwa na Adomas Valantinas ambaye utafiti huo aliufanya akiwa Chuo Kikuu cha Bern nchini Uswisi, unene wa sakitu hiyo ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ni wembamba wa unywele. Lakini eneo lililofunikwa ni kubwa kiasi kwamba tani zipatazo 150,000 za maji huhama kati ya ardhi na hewa kila siku katika majira ya baridi. Saa chache baada ya jua kuchomoza, sakitu yote huwa imetoweka.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni mahali ilipoonekana. Katika Dunia, mtu akipanda mlima hukutana na baridi. Mirihi ina hewa nyembamba mno, ambayo mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya ule wa Dunia, na kwa sababu hiyo kilele cha mlima hupata joto la mchana karibu sawa na bonde. Ilidhaniwa kuwa sakitu haiwezi kuonekana huko. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba upepo hupandisha unyevu kidogo kutoka chini na kuuingiza ndani ya kasoko zilizo vileleni, ambamo kivuli huhifadhi baridi hadi asubuhi.

Kisa cha Rebmann

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa chanzo cha ubishi wa namna hii. Mei 11, 1848, mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann, ambaye makazi yake yalikuwa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wa safari yake hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji.

Habari hiyo ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliikataa. Theluji chini ya jua la ikweta haikuingia akilini mwake. Ushahidi wenye nguvu ulipatikana baadaye, wakati Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima huo kwa sehemu katika miaka ya 1861 na 1862.

Ni rahisi leo kumcheka Cooley. Lakini swali lililokuwa nyuma ya ukaidi wake ni swali la haki, na ndilo linalowakesha wanasayansi wa Mirihi: mtu akiona kitu cheupe kutoka mbali, atajuaje kuwa ni barafu? Weupe unaweza kuwa mawe, chumvi au ukungu. Katika Mirihi upo uwezekano mwingine zaidi, kwani baridi ya huko hugandisha hata gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ikiganda huwa nyeupe kama theluji.

Kwa sababu hiyo, madoa meupe ya ncha za Mirihi yaliyoonekana kwa darubini kwa karne kadhaa hayakuwa ushahidi wa maji. Ni vyombo vya Viking vya Marekani, vilivyofika huko mwaka 1976, ndivyo vilivyopima joto la ncha ya kaskazini wakati wa kiangazi na kukuta kuwa barafu iliyobaki haina baridi ya kutosha kuwa kaboni dayoksaidi. Ilikuwa barafu ya maji. Chombo cha Viking 2, kilichotua katika uwanda wa Utopia, kilipiga pia picha za sakitu juu ya mawe, ikiwemo ile ya Mei 1979.

Rangi ya buluu isiyokuwepo

Hatua kubwa iliyofuata haikutegemea macho hata kidogo. Chombo cha Mars Odyssey, kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, Aprili 7, 2001, kilipewa kazi ya kuhesabu chembe ndogo ziitwazo nyutroni.

Miale kutoka anga za mbali huipiga ardhi ya Mirihi bila kukoma, na kila pigo hurusha nyutroni juu. Zikikutana na haidrojeni ardhini, nyutroni hizo hupunguza kasi, kama gololi inavyopoteza mwendo ikigongana na gololi nyingine ya uzito sawa. Zikikutana na atomi nzito za mwamba, hudunda na kuendelea kwa kasi. Basi pale ambapo nyutroni za kasi ni chache, pana haidrojeni nyingi. Na haidrojeni nyingi kiasi hicho, katika baridi ya kiasi hicho, tafsiri yake iliyo karibu zaidi ni maji yaliyoganda.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa maeneo mapana kuzunguka ncha zote mbili yana barafu nyingi ndani ya mita moja ya juu ya ardhi. Magazeti ya ulimwengu yalichapisha ramani ya sayari iliyopakwa buluu kaskazini na kusini.

Ramani hiyo iliwapotosha wasomaji wengi. Hakuna buluu katika ardhi ile. Mtu akisimama hapo angeona udongo mwekundu mkavu. Buluu ilichaguliwa na waliochora ramani kuwakilisha idadi ndogo ya nyutroni, kama mchoraji wa ramani ya skuli anavyochagua kijani kwa tambarare na kahawia kwa milima. Picha nyingi za barafu ya Mirihi ni za namna hiyo: hesabu iliyovishwa rangi ili jicho la binadamu lipate pa kushika. Hilo si udanganyifu, mradi msomaji aelezwe.

Mabonge yaliyotoweka

Uthibitisho wa kugusa ulipatikana mwaka 2008. Chombo cha Phoenix kilitua Mei 25 mwaka huo katika nyuzi 68 kaskazini, mahali palipochaguliwa kwa kufuata ramani ya nyutroni, kikachimba kwa mkono wake wa chuma. Sentimita chache tu chini ya udongo kilikutana na kitu kigumu cheupe.

Hapo tena swali la Cooley likarudi: barafu au chumvi? Jibu lilitolewa na subira. Juni 15 picha za mtaro uliochimbwa zilionyesha mabonge madogo meupe, kila moja likiwa na ukubwa wa kete ya ludo. Siku nne baadaye, yalikuwa hayapo.

Chumvi haitoweki kwa siku nne. Barafu ya kaboni dayoksaidi, kwa joto lililokuwepo, isingeweza kudumu hata siku moja. Kilichobaki ni barafu ya maji, ambayo katika hewa nyembamba ya Mirihi haiyeyuki kuwa majimaji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja. Julai 31, 2008 ilitangazwa kuwa sampuli iliyopashwa moto ndani ya chombo hicho ilitoa mvuke wa maji.

Kugeuka mvuke bila ya kuyeyuka si kioja cha Mirihi peke yake. Juu ya Kilimanjaro, ambako eneo la barafu lilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi karibu 2.6 mwaka 2000, sehemu ya barafu hupotea kwa njia hiyo hiyo, ikiliwa na jua na hewa kavu bila ya kutoa hata tone la kutiririka. Na ikumbukwe kuwa makadirio ya mwaka 2002, kwamba barafu ya mlima huo ingekwisha kati ya 2015 na 2020, hayakutimia kwa wakati uliotajwa, ingawa kupungua kwenyewe kunaendelea.

Bildi ya mawimbi

Nyutroni hueleza habari za mita moja ya juu. Kujua kilicho chini zaidi kunahitaji chombo kingine, na hapa mvuvi wa Gando ataelewa haraka kuliko wengi. Nahodha akitaka kujua kina cha maji hutupa bildi. Mwenye mashine hutuma sauti chini na kusubiri mwangwi. Rada ya barafu hufanya kazi hiyo hiyo kwa mawimbi ya redio.

Mawimbi yakitumwa kutoka chombo kilicho angani, sehemu yake hurudi kutoka juu ya ardhi, na sehemu huzama hadi ikutane na tabaka tofauti, ndipo nayo ikarudi. Tofauti ya muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili ndiyo kina. Katika barafu safi mawimbi hayo husafiri kwa takriban kilomita 168,000 kwa sekunde, polepole kuliko angani, lakini kwa kasi zaidi kuliko ndani ya mwamba mgumu. Barafu yenye unene wa kilomita tatu hurudisha mwangwi wa sakafu yake baada ya sehemu kama 36 za milioni moja ya sekunde.

Vipimo vya maelfu ya mizunguko vikipangwa ubavu kwa ubavu, hupatikana picha inayofanana na keki iliyokatwa kwa kisu, tabaka juu ya tabaka. Wanasayansi hutambua barafu kwa ishara mbili: kasi ya mawimbi ndani yake, na jinsi yanavyopita bila ya kudhoofika sana. Mwamba na udongo wenye unyevu hula mawimbi, barafu huyapitisha.

Rada mbili zilizofanya kazi hiyo ni MARSIS, iliyomo katika chombo cha Ulaya cha Mars Express kilichofika Mirihi Desemba 2003, na SHARAD, iliyomo katika chombo cha Marekani kilichofika Machi 2006. Zote mbili zina mkono wa Shirika la Anga la Italia, lile lile linaloendesha kituo cha karibu na Malindi, Kenya, ambako satelaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970. Unguja nayo iliwahi kuwa na sehemu yake katika mambo haya: kituo cha Tunguu kilichofuatilia safari za kwanza za Wamarekani angani kilifungwa mwaka 1964, muda mfupi baada ya Mapinduzi.

Kwa rada hizo ilijulikana kuwa barafu ya ncha ya kusini ina unene unaofikia kilomita 3.7 na kwamba ingeyeyuka yote ingeifunika sayari nzima kwa maji ya kina cha mita 11. Januari 2024 watafiti wa MARSIS walitangaza pia kuwa mlundiko mkubwa ulioko kwenye ikweta, uitwao Medusae Fossae, unaelekea kuwa na barafu nyingi chini ya mamia ya mita za vumbi kavu. Mlundiko huo ulikuwa umepimwa tangu mwaka 2007, lakini haikuwezekana wakati huo kuamua kama ni barafu au majivu ya volkano. Kilichoegemeza mizani ni unene wake: vumbi lenye kina cha kilomita tatu na zaidi lingejigandamiza kwa uzito wake lenyewe, na mwangwi ungekuwa mwingine.

Pale mwangwi unapobishaniwa

Si kila mwangwi umekubaliwa. Julai 2018 watafiti wa Italia walitangaza kuwa MARSIS imeona mng'ao mkali wenye upana wa kilomita 20, kilomita moja na nusu chini ya barafu ya kusini, wakautafsiri kuwa ziwa la maji yasiyoganda. Ulimwengu ulishangilia. Tangu mwaka 2021 watafiti wengine wameonyesha kuwa udongo wa mfinyanzi uliopoa sana, au tabaka nyembamba zilizopangana, zinaweza kutoa mng'ao huo huo. Ubishi haujaisha.

Afrika Mashariki ina mfano wake ulio mchungu zaidi. Septemba 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya Lotikipi, kwa kutumia picha za rada za satelaiti zilizounganishwa na takwimu za miamba. Zilitajwa mita za ujazo bilioni 250, na watu wa jimbo lililozoea ukame walipewa matumaini makubwa. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa.

Satelaiti ilikuwa imeeleza kuwa maji yapo. Haikuwa na uwezo wa kuyaonja. Watu wa pwani ya Pemba, wanaojua kuwa kisima kilichochimbwa karibu na bahari huweza kutoa maji ya chumvi na kingine mbele kidogo kikatoa maji matamu, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Nchini Marekani kumekuwepo na mradi wa kupunguza makosa ya aina hiyo kwa Mirihi. Ramani zake, zilizochapishwa mwaka 2021 na kuboreshwa mwaka 2023, hazitegemei kipimo kimoja: huweka pamoja nyutroni, rada, joto la ardhi na umbo la ardhi, kisha hukadiria ni wapi vipimo hivyo vinakubaliana na wapi vinapingana.

Ni nini kinachotafutwa hasa? Maji ni mazito, na kuyasafirisha kutoka Dunia ni gharama isiyobebeka. Binadamu wakipelekwa Mirihi watahitaji barafu ya kunywa na ya kutengenezea oksijeni na mafuta ya roketi ya kurudia nyumbani. Barafu nyingi iko kwenye ncha, ambako baridi na giza la miezi mingi ni hatari kwa maisha na kwa mitambo ya jua. Kwenye ikweta kuna mwanga na joto, lakini barafu ni haba au imezama mno. Sakitu ya Olympus na Arsia, pamoja na uzuri wake, haichoteki. Kinachosakwa ni mpaka wa kati: mahali palipo karibu na ikweta kadiri iwezekanavyo, ambapo barafu inafikika kwa koleo.

Msaada usiotarajiwa ulipatikana Desemba 24, 2021, wakati kimondo kilipoanguka katika uwanda wa Amazonis, nyuzi 35 kaskazini. Chombo cha InSight, kilichokuwa umbali wa maelfu ya kilomita, kilisikia ardhi ikitikisika kwa ukubwa wa 4. Picha zilizopigwa baadaye zilionyesha shimo lenye upana wa mita 150, na pembezoni mwake vipande vyeupe vya barafu vilivyofukuliwa na pigo hilo. Barafu ya ardhini ilikuwa haijawahi kuonekana wazi karibu na ikweta kiasi hicho.

Kwa wanaopenda kutazama zaidi kuliko kuhesabu, picha iliyo maarufu kuliko zote ni ya kasoko ya Korolev, iliyotolewa na Shirika la Anga la Ulaya Desemba 2018. Kasoko hiyo ina upana wa kilomita 82, na barafu iliyomo, yenye unene wa takriban kilomita 1.8, ina ujazo wa takriban kilomita za ujazo 2,200, kiasi kisichopishana sana na maji yote ya Ziwa Victoria. Inaonekana kama bakuli la maziwa lililowekwa juu ya mchanga, kana kwamba mpiga picha alikuwa ndani ya ndege. Hakukuwa na ndege. Ni vipande vitano vilivyopigwa katika mizunguko tofauti, vikaunganishwa, kisha kompyuta ikaviinamisha kwa kufuata vipimo vya kimo cha ardhi. Barafu yenyewe ni ya kweli. Pembe ya kuitazamia ndiyo iliyotengenezwa.

Hatua inayosubiriwa sasa ni ya kutoboa ardhi. Gari la Ulaya liitwalo Rosalind Franklin, ambalo safari yake iliahirishwa zaidi ya mara moja, limepangwa kurushwa mwaka 2028 kuelekea uwanda wa Oxia, nyuzi 18 kaskazini ya ikweta ya Mirihi. Limebeba rada ya kupiga chini lilipo, na keekee inayoweza kufika mita mbili, kina ambacho hakuna mtambo wowote uliowahi kukifikia katika sayari hiyo.